UZI: Barua ya kunyimwa mafao ya kukosa kazi Texas si mwisho wa kesi. Hesabu siku 14

MwanaKigoma_HTX (mwanzisha uzi)

Habari za majukumu wakuu.

Wiki haipiti hapa Houston bila mtu kunipigia: "Kaka, nimeletewa barua na TWC, naomba unisomee." Nikiangalia tarehe iliyo juu ya barua nakuta siku za rufaa zimebaki mbili, au zimekwisha kabisa. Barua ilikuwa kwenye droo pamoja na bili za umeme, mwenyewe alishakata tamaa pale tu alipoambiwa amenyimwa. Inaniuma sana, maana wengi wao walikuwa na kesi nzuri. Ndiyo sababu naandika haya kwa Kiswahili. Mwenye ndugu Abilene, Amarillo, Fort Worth, Dallas au hapa kwetu amtumie.

Kwanza tujue pesa hii inatoka wapi. Mafao haya ni bima. Msingi wake ni sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ya mwaka 1935, lakini kila jimbo linaendesha mfuko wake kwa kanuni zake. Hapa kwetu mwendeshaji ni Texas Workforce Commission, ndiyo hiyo TWC. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mwajiri ndiye analipa kodi juu ya dola 9,000 za kwanza anazomlipa kila mfanyakazi kwa mwaka, na kiwango cha kodi hiyo kinapanda kadiri watu wake wa zamani wanavyolipwa mafao. Hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia. Kampuni ikipata taarifa kwamba umedai, ina sababu ya kifedha ya kusema "aliacha mwenyewe" au "tulimfukuza kwa makosa". Usidhani supavaiza wako amekugeuka. Mara nyingi anayejibu ni ofisi nyingine kabisa, au hata kampuni iliyokodiwa kushughulikia madai, mtu ambaye hajawahi kukuona.

Sasa hesabu. TWC haiangalii ulilipwa nini mwezi uliopita. Inachukua robo mwaka tano za mwisho zilizokamilika kabla hujaomba, inaiacha ile ya karibuni zaidi, zinabaki nne. Ukiomba Mei 2025, kinachoangaliwa ni Januari hadi Desemba 2024. Robo uliyolipwa zaidi inagawanywa kwa 25, hicho ndicho kiwango chako cha wiki. Robo yako nono ikiwa dola 7,500, utapata dola 300 kwa wiki. Lazima uwe na mshahara katika zaidi ya robo moja, na mishahara yote ya kipindi hicho ifike mara 37 ya kiwango cha wiki, kwa mfano huu dola 11,100. Halafu kuna kikomo: hupati zaidi ya wiki 26, wala zaidi ya asilimia 27 ya mishahara ya kipindi chote, kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo. Aliyelipwa dola 24,000 kwa mwaka huo mwisho wake ni dola 6,480, ambazo kwa dola 300 hazifiki hata wiki 22. Watu wanaambiana mitaani "wiki 26", wakija kukuta pesa zimekata mapema wanadhani wameibiwa.

Ukishaomba, barua ya kwanza inayokuja inaonyesha mishahara yako na kiwango unachoweza kupata. Hiyo si barua ya kukubaliwa. Ni hesabu tu. Kazi yako hapo ni kuangalia kama kuna mwajiri aliyesahaulika au kiasi kilichopungua, na kupeleka slipu zako za mshahara kama kuna kasoro. Barua ya pili ndiyo yenye uamuzi, na ndiyo inayosema kwa nini unalipwa au hulipwi. Ukinyimwa kwa kuacha kazi au kwa kufukuzwa kwa kosa, adhabu yake Texas ni kali: unakaa bila kulipwa mpaka urudi kazini ufanye wiki sita, au upate mshahara wa mara sita ya kiwango chako cha wiki.

Kutoka tarehe iliyoandikwa kwamba barua ilitumwa, una siku 14. Jumamosi na Jumapili zimo. Hesabu haianzi siku ulipoifungua bahasha. Rufaa unaiweka mtandaoni, kwa faksi, kwa posta, au unaipeleka mkononi katika ofisi ya Workforce Solutions iliyo karibu nawe. Kumpigia mtu wa TWC na kumwambia "sikubali" hakuhesabiki kuwa ni rufaa. Na huhitaji kuandika insha. Andika jina lako, namba zako, tarehe ya uamuzi, kwamba hukubaliani nao, na sababu kwa sentensi chache. Hapo hapo andika: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ni bure. Usimlete mtoto wa darasa la sita akutafsirie kesi ya chakula cha nyumba nzima.

Nitaendelea na siku ya kusikilizwa hapo chini, maana hapo ndipo kesi inaposhindwa au kushinda.

---

NjeriDFW

Asante sana kwa hii. Kabla uendelee, nina swali. Boss alimwita dada yangu ofisini, akamwekea karatasi mbili mezani: moja ya kujiuzulu, nyingine ya kufutwa. Akamwambia achague, na kwamba ya kujiuzulu "itamfaa" siku za usoni. Akasaini ya kujiuzulu. Sasa wameandika aliacha kazi kwa hiari. Ni kweli amejinyonga mwenyewe?

---

MwanaKigoma_HTX

Dada Njeri, hapana. Mtu aliyepewa uchaguzi wa kujiuzulu au kufukuzwa sasa hivi hakuwa na uchaguzi wa kubaki kazini. TWC inaweza kuichukulia hiyo kuwa ni kufukuzwa, na hapo mzigo unahamia kwa mwajiri kuonyesha kosa. Lakini dada lazima alisimulie hivyo hivyo ulivyolisimulia wewe: nani alikuwepo ofisini, karatasi mbili, maneno yaliyosemwa, na kwamba angeendelea na kazi kama wangemwacha. Akisema tu "ndiyo, nilisaini", afisa ataandika alichosikia. Rufaa aiweke leo.

Naendelea.

Siku ya kusikilizwa. Rufaa ya kwanza inasikilizwa na baraza la rufaa la TWC, yaani afisa mmoja, kwa simu. Utatumiwa barua yenye tarehe, saa, maelekezo ya jinsi ya kujiunga na nyaraka zilizomo kwenye faili. Isome yote. Nyaraka ulizo nazo wewe, kama meseji, picha za skrini, cheti cha daktari au ratiba ya zamu, lazima zitumwe kabla ya siku hiyo kwa afisa na kwa mwajiri. Ukimtumia afisa peke yake, mwenzako atapinga kwamba hajaziona, na huenda zisipokelewe.

Kila kitu kinarekodiwa. Mnaapishwa. Kama ulifukuzwa, kwa kawaida mwajiri ndiye anaanza, maana yeye ndiye anayedai ulikosea na ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kama uliacha kazi, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba ulikuwa na sababu nzito inayohusiana na kazi. Hii tofauti ishike vizuri, kwa sababu inakuambia nani akinyamaza anashindwa.

Sheria ya Texas inaeleza "kosa" ni nini: kuharibu kazi kwa kutenda au kutotenda, uzembe unaohatarisha maisha au mali ya mwingine, ubaya wa kukusudia, kuvunja sheria kwa makusudi, au kuvunja kanuni ya kampuni iliyowekwa kwa ajili ya utaratibu wa kazi na usalama. Kushindwa kufikia kasi wanayotaka, ilhali ulijitahidi kwa uwezo wako wote, si kosa kwa maana hiyo. Wanaweza kukufukuza, hilo ni lao, lakini mafao hayapotei kwa hilo peke yake. Kuumwa ukatoa taarifa kwa wakati, vivyo hivyo.

Nilimsaidia jirani yangu mmoja kujiandaa, mwanamume wa makamo aliyekuwa akipanga mizigo ghalani. Kampuni ilisema alikataa agizo la supavaiza. Siku ya simu upande wa kampuni alikuja mama wa ofisi ya utumishi peke yake, akasoma ripoti. Afisa akamuuliza: "Wewe ulikuwepo?" Akasema hapana. "Supavaiza yupo kwenye simu?" Hapana, yuko zamu. Jirani yangu yeye alikuwepo. Akaeleza kwa utulivu, kupitia mkalimani, kwamba aliambiwa apande forklift wakati hajapewa mafunzo wala leseni ya kampuni, akasema ataifanya kazi nyingine yoyote ile, akarudishwa nyumbani. Sentensi chache, saa ngapi, mlango namba ngapi wa kupakilia, nani alikuwa amesimama pembeni. Akashinda. Ushahidi wa aliyeona kwa macho una uzito kuliko karatasi inayosomwa na mtu ambaye hakuwepo, hasa aliyeona akieleza mambo mahususi. Ndiyo maana nasema: usiende kwenye simu kulalamika jinsi walivyokuonea miaka mitatu. Eleza tukio la mwisho, lile lililokuondoa kazini, hatua kwa hatua.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: wakati unasubiri rufaa, endelea kuomba malipo kila baada ya wiki mbili na endelea kutafuta kazi na kuandika kila ulipoomba. Ukishinda, utalipwa zile wiki ulizoziomba. Wiki ambazo hukuziomba unaweza kuzipoteza hata ukishinda kesi. Nimeona mtu akishinda rufaa na kupata wiki mbili tu za pesa, kwa sababu alikaa kimya akisubiri hukumu.

---

Mzee wa Dodoma

Uzi mzuri mkuu. Kwetu NSSF nayo ina fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, ila mwanachama anachangia mwenyewe na aliyeacha kwa hiari hana chake. Sikujua kumbe huko mwajiri ndiye anabeba. Inaeleza kwa nini wanapigana hivyo.

---

BintiUvira

Tunashukuru sana ndugu. Mimi niko Amarillo, nilikuwa nafanya kazi kwa ajensi. Ajensi ilinipeleka kwenye ghala, nikafanya miezi karibu nane, siku moja supavaiza wa ghala akasema kazi imeisha, msirudi kesho, watu wote wa ajensi. Nikarudi nyumbani nikaomba mafao. Wamejibu eti niliacha kazi mwenyewe! Mimi sikuacha, waliniambia nisirudi. Niko nalia tu. Barua ina siku ya tisa leo.

---

MwanaKigoma_HTX

Dada, pole sana, na asante kwa kuliuliza hadharani. Hili ndilo linalowaangusha ndugu zetu wengi kuliko yote, kwa sababu nusu yetu tunaanza maisha ya hapa kupitia ajensi. Naomba kila anayefanya kazi kwa ajensi asome taratibu.

Kwa sheria ya Texas mwajiri wako si ghala. Mwajiri wako ni ajensi. Ghala likisema kazi imeisha, kilichoisha ni mgawo mmoja. Sheria inasema mfanyakazi wa muda wa ajensi ambaye mgawo wake umeisha na hakuwasiliana na ajensi kuomba mgawo mwingine anahesabiwa ameacha kazi kwa hiari bila sababu. Ndiyo maana wamekuandikia hivyo, hawajasema uongo kwamba ulitoka ghalani kwa miguu yako. Wamesema hukuwapigia simu wao.

Lakini kifungu hicho hicho kina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo silaha yako. Hauhesabiwi umeacha kazi isipokuwa uliarifiwa mambo mawili: kwamba unapaswa kuwasiliana na ajensi mgawo ukiisha, na kwamba usipofanya hivyo unaweza kunyimwa mafao. Yote mawili. Kuambiwa "tupigie ukitaka kazi" ni nusu tu.

Kwa hiyo jiulize. Siku unaandikishwa walikupa nini usaini? Kilikuwa kwa lugha gani? Kuna mtu aliyekueleza? Kama ulisaini rundo la karatasi za Kiingereza au kwenye kompyuta kwa kubofya, sema hivyo hivyo. Usiseme "sikusaini kitu" kama ulisaini, maana watakileta. Sema ulisaini, na ueleze kama kuna aliyekufafanulia kwa lugha unayoielewa. Afisa ndiye ataamua kama hiyo ni kuarifiwa.

Halafu la pili: uliwasiliana nao kwa njia yoyote? Angalia simu yako sasa hivi. Rekodi ya simu ulizopiga wiki ile, meseji kwa yule dada wa ajensi anayepanga zamu, WhatsApp, hata ujumbe wa "kuna kazi?" Ukipata hata mmoja wa siku zile, piga picha ya skrini yenye tarehe na namba. Huo unaweza kumaliza kesi peke yake.

Siku ya tisa maana yake una muda. Usisubiri ushahidi ukamilike ndipo uweke rufaa. Weka rufaa leo, ushahidi utatuma kabla ya siku ya kusikilizwa.

---

BintiUvira

Niliwatumia meseji!! Jumatatu yake. Niliandika "hello any job" na yule mwanamume akajibu "not now". Iko kwenye simu.

---

MwanaKigoma_HTX

Usiifute hiyo meseji wala usibadilishe simu. Piga picha ionekane jina au namba, tarehe, na jibu lake. Ukishaweka rufaa, tuma nakala kwa afisa na kwa ajensi kama barua ya wito itakavyoelekeza.

---

PacifiqueFW

Kwa walioko huko kaskazini, Legal Aid of NorthWest Texas wanasaidia watu wenye kipato kidogo bila malipo. Houston kuna Lone Star Legal Aid, na kusini Texas RioGrande Legal Aid. Piga simu mapema, si siku moja kabla ya kesi.

Swali langu: shemeji yangu ameingia nchini mwisho wa 2024, akaanza kazi Januari 2025, kiwanda kikapunguza watu Mei. TWC wanasema hana mshahara wowote. Amefanya kazi miezi mitano!

---

MwanaKigoma_HTX

Hilo si la kukata rufaa, ni la kalenda. Aliomba Mei, kipindi kinachoangaliwa ni mwaka 2024 mzima, na hapo alikuwa hajaanza kazi. Angeomba Julai, kingekuwa Aprili 2024 hadi Machi 2025, na hapo angekuwa na robo moja tu, ambayo haitoshi. Kuanzia Oktoba kipindi ni Julai 2024 hadi Juni 2025, robo mbili zinaonekana. Kama jumla yake inafika mara 37, ataomba upya wakati huo ikiwa bado hana kazi. Atunze slipu zake zote.

---

MamaFuraha

Watu wanasema mkimbizi akichukua haya mafao atanyimwa kadi ya kijani. Mume wangu amekataa kabisa kuomba.

---

MwanaKigoma_HTX

Mama, maneno hayo yamewatia watu wengi njaa bure. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi hawapimwi kabisa kipimo cha "mzigo kwa umma", yaani kuangalia kama mtu atategemea misaada ya serikali, wanapoomba kadi ya kijani, sheria imewatoa humo. Na tena hii ni bima ya kazi, si msaada wa maskini. Kinachotakiwa ni awe na ruhusa ya kufanya kazi wakati alipopata mishahara hiyo na awe nayo sasa, na mkimbizi ruhusa yake inatokana na hadhi yake yenyewe. Mwambie aombe wiki hii hii, maana dai linaanza wiki unayoomba.

---

Salehe_ATX

Naongeza jambo kuhusu kazi za kuokoteza. Ukipata siku mbili za kazi, iandike kwenye ombi la wiki hiyo. Jumla kabla ya makato, na wiki ulipofanya kazi, siyo wiki ulipolipwa. Texas inakuruhusu kupata mpaka asilimia 25 ya kiwango chako bila kukatwa. Kama chako ni dola 300, dola 75 ni zako, kinachozidi ndicho kinakatwa. Watu wanaficha dola 120 wakaishia kudaiwa maelfu.

---

MwanaKigoma_HTX

Mkuu Salehe umesema la maana na nitalikazia. TWC hulinganisha maombi yako na taarifa za mishahara za waajiri. Ikikuta umelipwa zaidi ya haki yako, unarudisha. Texas haina msamaha wa deni hilo, hata kama kosa halikuwa lako, na deni halizeeki. Ikiamuliwa ni udanganyifu, inaongezwa adhabu ya asilimia 15. Kwa hiyo barua ya malipo yaliyozidi nayo ni ya kukatia rufaa ndani ya siku 14 zile zile kama hesabu yao si sahihi. Ukiikubali kwa kunyamaza, huwezi kurudi baada ya mwaka kusema walikosea.

Na mwajiri naye ana haki ya kukata rufaa ukishinda wewe. Akifanya hivyo, malipo hayasimamishwi kwa sababu hiyo tu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza jambo hilo mwaka 1971 katika kesi iliyotoka California. Lakini ukija kushindwa kwenye baraza, pesa ulizolipwa zinageuka deni. Kwa hiyo barua ya kusikilizwa ikija, hata kama tayari unalipwa, hudhuria. Usidhani hiyo ni shida ya mwajiri.

---

Lansing_Wetu

Sisi wa Michigan tunajua mambo ya udanganyifu vizuri. Kati ya 2013 na 2015 jimbo lilitumia mfumo wa kompyuta ulioitwa MiDAS, ukawa wenyewe unawahukumu watu kwa udanganyifu. Watu karibu 40,000 waliandikiwa kwamba ni wezi. Jimbo lilipopitia upya kesi zaidi ya 22,000 zilizoamuliwa na kompyuta, asilimia 93 zilikuwa makosa. Na adhabu ya hapa wakati huo ilikuwa mara nne ya pesa yenyewe! Watu walikatwa mishahara, wengine wakafilisika. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo ikasema wana haki ya kudai fidia, na fungu la dola milioni 20 likapatikana. Miaka tisa baadaye. Kwa hiyo ukipata barua inayosema wewe ni mdanganyifu, usione aibu ukaificha. Jibu.

Hapa kwetu muda wa kupinga ni siku 30.

---

MwanaKigoma_HTX

Asante sana ndugu. Na hilo la siku 30 ni la kuangalia, kwa sababu ushauri wa binamu wa jimbo jingine unaweza kukuponza. California nako ni 30, Ohio 21, sisi 14. Barua yako mwenyewe imeandika muda wako. Soma hiyo.

---

BabaGrace_Abilene

Mimi nilikosa simu ya kusikilizwa. Nilikuwa zamu ya usiku kazi mpya, nikalala, niliweka saa lakini simu iliishiwa chaji. Uamuzi umetoka, nimeshindwa. Kuna njia?

---

MwanaKigoma_HTX

Mzee wangu, una siku 14 kutoka tarehe ya uamuzi huo kuomba kesi ifunguliwe upya. Watakuitia simu nyingine, na swali la kwanza litakuwa kwa nini hukuhudhuria. Lazima sababu iwe nzito. Nitakuambia ukweli kwa sababu nakuheshimu: kulala na chaji kuisha ni sababu dhaifu, wengi hukataliwa nayo. Lakini kama kuna zaidi, kwa mfano mwajiri mpya alikubakisha kazini kupita zamu, au barua ya wito ilikufikia siku ile ile, lieleze na ulete uthibitisho. Usitunge. Ombi liweke hata hivyo, ni haki yako na halikugharimu kitu. Na kuanzia siku ulipoanza kazi mpya, taja mshahara wake kwenye maombi yako.

---

NjeriDFW

Dada ameweka rufaa jana jioni, mtandaoni, na amepata uthibitisho. Swali la mwisho kutoka kwangu: akishindwa hapo kwa baraza, ndiyo basi?

---

MwanaKigoma_HTX

Safi sana. Auhifadhi huo uthibitisho.

Akishindwa, ana siku 14 nyingine kupeleka kwa makamishna wenyewe, ambao ni watatu. Hapo kwa kawaida hakuna simu mpya. Wanapitia rekodi na nyaraka za usikilizaji ule wa kwanza, ndiyo maana nilisema kesi inaamuliwa kwenye ile simu: ambacho hakikusemwa pale ni vigumu kukiingiza huku. Bado anaweza kuwaomba makamishna wasikilize upya, ndani ya siku 14 tena, ila awe na jambo jipya na sababu ya kwa nini halikuletwa mwanzo. Baada ya makamishna inabaki mahakama, na huko dirisha ni jembamba: kesi inafunguliwa kati ya siku ya 15 na ya 28 tangu uamuzi wao ulipotumwa. Kabla ya 15 ni mapema mno, baada ya 28 umechelewa. Kwa hatua hiyo amtafute mwanasheria wa msaada wa kisheria mapema, wala asiende peke yake.

Mafao akiyapata yanatozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Anaweza kuomba akatwe asilimia 10 kabisa kila malipo, na Januari atatumiwa fomu 1099-G ya kupeleka kwa anayemwandalia kodi.

---

BintiUvira

Nimeweka rufaa leo asubuhi Workforce Solutions, wamenigongea mhuri nakala yangu. Mkalimani wa Kiswahili nimemwandika. Na ombi la malipo la wiki hizi mbili nimelifanya palepale, mama mmoja wa ofisini amenionyesha. Wito ukija nitauweka hapa, nikificha namba zangu, mnisomee.

---

MwanaKigoma_HTX

Ulete dada. Na ukiupata tu, tazama kwanza saa iliyoandikwa, maana Texas ya huku kwetu na nyinyi Amarillo tunafuata majira ya Kati (Central Time), lakini El Paso wako nyuma kwa saa moja. Kama afisa yuko huko, usije ukakosea.